Dakika Moja kwa Vlado

"Papa, unachana kipara?" Générose alicheka, akampokonya mzee Kovač kitana.

Alikuwa akimtunza mzee huyo nyumbani kwake Weston, kitongoji cha nje ya mji, kwa miaka miwili, na hakuwahi kumwona akijipamba. Lakini leo Sedmi Most walikuwa wanapiga mjini: bendi ya roki kutoka Yugoslavia, nchi ambayo yenyewe haipo tena.

"Nataka jambo moja tu," mzee alisema ndani ya treni. "Dušan, yule mwimbaji, anipe mkono. Basi."

"Kumbe mnajuana?"

"Miaka ya sabini nilizunguka na bendi ile kila mji. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa sahani ya santuri. Unakwenda kukojoa, unarudi, kinanda bado kinalia."

"Kama mahubiri ya pasta wetu wa kanisa la Rexdale."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mlangoni pa ukumbi bango lilikuwa na sura moja tu: Vlado, mpiga kinanda, nywele mpaka mabegani, aliyeuawa vitani mwaka 1992. Vijana ambao siku hizo walikuwa hata hawajazaliwa walivaa fulana zenye sura hiyo. Alipokuwa hai, bendi ilikuwa imefikia kupigia viti vitupu. Alipokufa, sahani zikagombaniwa. Marehemu ana nyota yake.

Katikati ya onyesho, Dušan aliinua mkono, vyombo vikanyamaza.

"Dakika moja kwa ndugu yetu Vlado."

Ukumbi mzima ukasimama. Mzee Kovač alibaki kitini.

"Papa, simama, watu wanatuangalia!" Générose alinong'ona, akamwinua kwa kwapa.

Sasa, kwao Bukavu mtu haondoki msibani bila kumpa mfiwa pole. Onyesho lilipoisha, akamkokota mzee hadi nyuma ya jukwaa. Mlinzi akawazuia.

"Tumekuja kutoa pole," Générose alimwambia, kwa uso wa matanga kabisa. Mlinzi akawapisha.

Dušan alikuwa peke yake, anajifuta jasho. Générose akapiga goti kidogo.

"Pole sana, papa, kwa kufiwa na ndugu yako."

Mzee Kovač akanyoosha mkono. Dušan akautazama, akaenda kuufunga mlango kwanza, kisha akatia mikono yake mifukoni.

"Vlado," alisema, "si tulikubaliana ubaki umekufa?"