Mgane wa Bustanini

Bibi Wietske alikuwa wa kwanza kulia. Mhadhara haujafika hata katikati, leso yake ilikuwa imelowa chapachapa.

"Nilimshika mkono mpaka pumzi ya mwisho," Douwe alikuwa akisema pale mbele. "Nikamzika. Nikarudi kwenye nyumba isiyo na sauti yake. Hapo ndipo nilipojifunza kupumua upya."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja naye, ukaishusha taratibu kama alivyowafundisha. Kila Jumatano jumba la makumbusho lilijaa hivyo: kwanza mhadhara, kisha matembezi ya kimyakimya bustanini ya kutuliza moyo, halafu kahawa na mkate wa sukari. Wengi walikuwa wajane na wagane. Walimpenda Douwe kwa kuwa naye alifiwa, na hakuona haya kulisema.

Bibi Wietske alimpenda kuliko wote.

"Anaitwa nani vile?" alimnong'oneza Fenna, msichana aliyekuwa akimleta kutoka nyumba ya wazee.

"Douwe, bibi."

"Jina zuri. Maskini, sura yote hiyo na kulala peke yake."

Fenna alimfunga vifungo vya koti.

Bustanini waliambiwa watembee wamefumba midomo. Bibi Wietske alishindwa. Alimwandama Douwe katikati ya mawaridi mpaka akamshika kiwiko.

"Pole, bwana. Huyo mkeo alibahatika. Mimi sikumbuki kupendwa hivyo."

Douwe aliangaza macho huku na huku. Wanawake wawili walikuwa wamesimama, wanatazama. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa bibi.

"Asante, mama. Vuta pumzi. Ishushe."

"Ningekukuta ujanani, nisingekuachia."

Wale wanawake wakacheka. Douwe naye akacheka, kisha akauchomoa mkono wake polepole, akaenda zake.

Wakati wa kahawa, bibi alichagua kipande cha mkate chenye sukari nyingi kuliko vyote, akakifunga kwenye karatasi. Mwanamume asiye na mke hali vizuri, hilo alilijua. Alimtafuta Douwe mpaka akamwona mlangoni, amempa mgongo, anazungumza na Fenna. Alisimama nyuma yake, akingoja zamu yake kwa adabu.

"Nilishakwambia usimlete," Douwe alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Watu wameanza kumtazama."

"Hamsumbui mtu, bwana."

"Mpeleke kwingine. Bustani ziko tele mjini."

Fenna alimwona bibi na mkate wake, akasita. Kisha akaamua kusema tu.

"Kule kwetu, nyumba ya wazee, hukanyagi, Bwana Douwe. Asipokuja hapa, atamwona wapi mumewe?"