Taa za Joto la Mama

Tangu umeme wa nyumbani ulipokatazwa kuvuka mlango kwenda nje, taa za Krismasi za nje ziliwashwa kwa joto la mwili. Mama yake Aikande alikaa dirishani kwake Machame, bangili ya kunyonya joto mkononi, waya ukipita kwenye upenyo wa dirisha hadi kwenye taa zilizotundikwa juu ya ua wa mimea ya masale. Nyumba iliyokaa giza Desemba ilihesabiwa haina mtoto wa kurudi, naye alikuwa akimngoja mwanawe Elinami kutoka Dar.

“Mama, unatetemeka,” Aikande alisema. “Nipe nivae mimi.”

“Wewe ulivaa jana zikafifia kama zina malaria. Niache!”

Aikande akamwongezea blanketi, kisha akazipiga picha zile taa na kumtumia kaka yake, ajue anavyosubiriwa. Elinami akapiga simu papo hapo.

“Mama! Zinawaka hivyo? Nami nilikuwa na hofu na afya yako, kumbe una nguvu kutushinda! Basi nitabaki huku, nije Pasaka.”

“Haya, baba. Pasaka.”

Simu ilipokatika, Aikande alinyoosha mkono aifungue bangili. Mama akauficha mkono wake chini ya blanketi.

“Usizime,” alinong’ona. “Majirani watajua haji.”