Unaona Nini, Mama Whitney?

"Unaona nini?" Mbithi aliuliza, hata kabla mlio wa swichi haujaisha.

Ndanu aliinama mbele ya TV. Pazia alikuwa ameliteremsha na mlango kaufunga kwa komeo, ingawa jua lilikuwa likichoma mabati tangu asubuhi na chumba kilikuwa kama tanuri.

"Giza tu, Baba Whitney."

"Hata mistari hakuna?"

"Hakuna."

Mzee alishusha pumzi, akanyoosha mikono mpaka vidole vikaigusa kompyuta mezani. Ilikuwa moja ya zile za zamani, za enzi mashine nzima ilipokaa ndani ya kibodi nene na picha ikatokea kwenye TV ya nyumbani. Mteja aliiacha dukani kwake Kabiro, Kawangware, akaahidi kurudi, asirudi. Duka lenyewe sasa lilikuwa la mtu mwingine. Sukari ilimla Mbithi macho, la kushoto kwanza, kisha la kulia, na fundi aliyetengeneza TV za mtaa mzima akawa mtu wa kushikwa mkono kwenda choo. Kodi ikawashinda, wakahamia chumba hiki, Soweto West, Kibera.

Hapo ndipo alipokataa sindano ya sukari. Aligeukia ukuta, akasema mwili ni wake, waachane naye. Pasta alikuja, akaomba, akaenda zake. Whitney, binti yao aliyeolewa Machakos, alilia kwenye simu mpaka salio likakata. Mbithi hakugeuka. Pumzi yake ilianza kunuka kama matunda yaliyooza. Ndanu akaivuta ile kompyuta kutoka chini ya kitanda, akaichomeka na kusema, "Hii kitu yako inawasha taa, lakini TV haionyeshi chochote."

Kisha sauti ikatoka kule ukutani.

"Hiyo taa imetulia, ama inapepesa?"

Siku hiyo alinyoosha mkono mwenyewe, akadungwa. "Mikono ikitetemeka siwezi kushika chip," alisema. "Lakini ujue, Mama Whitney, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho. Ikionyesha picha, nimemaliza. Usiniletee sindano tena."

Tangu hapo walifanya kazi kila siku, yeye akiwa masikio na vidole, Ndanu akiwa macho. Alisikiliza transfoma ikivuma. Alimwelekeza mkewe aguse hapa na pale kwa ncha za mita, amsomee namba, na namba zikawa sawa. Alipapasa chip moja moja akitafuta iliyochemka kupita kiasi. Alimfundisha kuing'oa chip ya picha, kuipangusa miguu kwa spiriti na kuirudisha.

"Giza," Ndanu alisema.

Wakabadilisha waya wa kwenda kwenye TV. Wakatafuta stesheni upya, toka mwanzo hadi mwisho.

"Giza."

Ajabu ni kwamba mzee alianza kupata mwili. Alikula ugali, akauliza kama sukuma imebaki. Alibishana na watu wa redio. Lakini siku zilivyokwenda, kitu kingine kikaanza kumla.

"Kila mahali nimeangalia kuko sawa," alisema sasa, jasho likimtiririka. "Stima iko. Chip hazichemki. Nikibonyeza, nasikia inalia. Hiyo mashine inafaa iwe inaonyesha picha! Zingine kama hizi nilikuwa natengeneza nikiwa nimefumba macho." Akacheka, cheko baya.

"Ni kitu imezeeka."

"Si mashine. Ni mimi. Macho yalienda, sasa hata kichwa kimeenda." Akapiga meza kwa ngumi. "Niitie Elvis. Kazi ni mimi nilimfundisha. Aje aniambie nimekosea wapi."

"Elvis alienda kwao."

"Nasipwondi amesema jana tu alimwona pale Kongo, Kawangware, kwa kibanda chake cha simu."

Ndanu alijifanya anarekebisha pazia. "Labda amerudi. Nitauliza."

Mlango ukagongwa. "Mama Whitney! Maji yamekuja, leta mtungi!" Alikuwa Nasipwondi huyo huyo, jirani yao wa ukuta mmoja.

Ndanu alizima TV kwanza, ndipo akafungua mlango, kiasi cha kupitisha mtungi.

"Haki mtamchemsha mzee hapo ndani," Nasipwondi alisema. "Hiyo takataka si muuzie watu wa chuma?"

"Wacha tu. Ni yake."

Aliporudisha komeo, alimkuta Mbithi ameinamisha kichwa juu ya kibodi, mabega yakimtikisika. Hakuwahi kumwona akilia. Hakulia hata siku daktari alipomwambia jicho la pili limekwisha.

"Niambie ukweli," alisema. "Mimi nilikuwa fundi kweli, ama watu walikuwa wananisifu tu?"

"Ulikuwa fundi." "Hakuna fundi alikuwa anakushinda."

"Sasa mbona hii?"

Ndanu alimpangusa uso kwa upindo wa leso yake. Mzee akautafuta mkono wake, akaushika kwa nguvu.

"Washa tena. Mara moja tu, halafu nikubali mambo yameisha." Alisubiri mpaka swichi ikalia. "Unaona nini?"

Ndanu alitazama kioo. Herufi nyeupe zilikuwa zimesimama juu ya rangi ya samawati, safi, bila mstari hata mmoja, kama zilivyosimama kila siku tangu mzee alipomwambia apanguse miguu ya ile chip.

"Giza, Baba Whitney," alisema. "Giza tu."