Sauti ya Mama Mlangoni

Bi Sikudhani alikuwa ametoka mara moja tu kufuata nazi, akateleza kwenye ngazi na bangili yake ya utambulisho ikapasuka. Alipofika mlangoni, alisikia harufu ya maharage yanayoungua.

"Tunu, fungua! Ni mama."

"Bangili yako haijawaka," mtoto akajibu kutoka ndani, akichungulia kwenye tundu la mlango. Alikuwa na miaka sita. Tangu wezi waanze kuiba sauti na sura za watu, watoto walifundishwa wasimfungulie yeyote asiye na bangili, hata akifanana na mama.

"Imevunjika, mwanangu. Basi zima jiko."

"Mwalimu alisema tusifuate sauti."

Sikudhani akamwimbia wimbo wa kumbembeleza, akamtajia hata kovu la gotini. Tunu akaanza kulia.

"Umejuaje? Umemfanya nini mama yangu?"

Jirani aliyesikia kelele alikwishakimbia kutafuta fundi wa kufungua mlango. Moshi ulianza kupenya chini ya mlango. Sikudhani akasikia vinyayo vikienda mbio chumbani, kisha kitasa cha chumba kikafungwa kwa ndani, sawasawa kabisa na alivyomfundisha yeye mwenyewe.