Kiu ya Jumapili

Marged alijibanza nyuma ya ukuta wa mawe, sketi imemlowa hadi magotini, akimchungulia mwanawe Emlyn anavyoukwea mlima. Kondoo mmoja alisimama kando akimkodolea macho, na haki alikuwa nayo. Mjane mtu mzima, kofia nyeusi ya kanisani kichwani, ana kazi gani huku juu na mvua hii?

Kazi aliijua mwenyewe. Kwao Cwmhelyg, Jumapili baa zote hufungwa kwa sheria. Ng'ambo ya mlima, Aberwern, ni jimbo jingine, na sheria hiyo haikufika. Basi kila Jumapili mchana wachimba makaa wenye kiu huuvuka mlima kwa miguu, na jioni hurudi wakiimba. Baba yake Emlyn alivuka hivyohivyo miaka nenda rudi, mpaka siku aliporudishwa amelazwa juu ya ubao wa mlango kama machela, baada ya kuokotwa chini ya machimbo ya mawe.

Sasa zamu ya Emlyn. Akishameza tonge la mwisho la mchana, hayupo. Anarudi mashavu mekundu, macho yanang'aa, anaimba hata akivua viatu. Na mdomo unanukia pipi za mnanaa! Mwanamume mzima atafune pipi za nini, kama si kuficha harufu? Mama akishaanza kunusa pumzi za mtoto wake, hata maziwa humnukia bia.

"Unakwenda wapi, Emlyn?" alimwuliza mezani.

"Kutembea, Mama."

"Kutembea na nani?"

"Na miguu yangu, Mama."

Wazee wa kanisa nao walishaanza kuuliza. Kanisa lao lilikuwa Seion, la Wamethodisti, na babu yake Marged ndiye aliyebeba mawe ya msingi.

"Bi Marged," Mzee Ebeneser alimnong'oneza mlangoni, "kijana akiwa na kiu, tuambie mapema. Yule mlevi Ifor Bata tumemwombea mpaka magoti yameota sugu, na kiti chake kanisani bado kipo."

Walikuwa watu wa huruma, wale wazee, ukiacha ile habari ya binti wa fundi saa, aliyeolewa kwa Wabaptisti. Huyo hata baba yake humpita njiani kama anapita nguzo.

Juu kabisa ukungu ukamficha Emlyn. Nyuma, wanaume wawili wakaja wakihema: Wili Mkate, mwoka mikate, na Dai Kimya, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Lo! Bi Marged! Kumbe na wewe koo limekauka?"

"La kwako ndilo litakalokaushwa na moto wa milele, Wili."

"Ndiyo maana tunalilowesha mapema!"

"Mwanangu mnaye?"

"Emlyn Maji?" alidakia Dai. "Yule hana mguu wa kungoja wazee."

"Maji? Kwa nini mnamwita Maji?"

Dai akafungua mdomo. Wili akamkanyaga mguu. "Muulize mwenyewe, Bi. Sisi tunakwenda kunywa, si kuchongea watu."

Marged hakuhitaji kuambiwa. Mabonde yale majina ni machache na watu ni wengi, hivyo mtu huitwa kwa kazi yake au kwa aibu yake. Mtoto wake anakunywa bia kama maji. Mpaka wameshamtungia jina!

Akateremka Aberwern karibu kukimbia. Mbele ya baa alisita, maana hajawahi kukanyaga kizingiti cha nyumba kama ile. Kisha akasukuma mlango. Moshi. Kicheko kikakatika. Wanaume wakavua kofia.

"Namtaka mwanangu. Emlyn."

Mwenye baa, mama mnene mwenye mikono ya shati iliyokunjwa, alimtazama juu hadi chini. "Emlyn Maji? Mwenzangu, huyo hajawahi kuingia humu. Tunamgongea kioo cha dirisha akipita, anacheka, anakwenda zake. Leo ndiyo siku yake. Shuka mtoni utamkuta."

"Hanywi?"

"Hata tone."

Marged alishika kaunta kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti palepale, katikati ya magilasi, na wanaume wawili watatu wakaitikia amina. Akatoka akiwa mwepesi kama binti. Njiani alikuwa anapanga maneno ya kumwomba mtoto radhi.

Ukingoni mwa mto watu walikuwa wamejipanga chini ya miavuli, wanaimba. Bibi mmoja alimsogezea nafasi, akambandika pipi ya mnanaa kiganjani, kama wanavyopeana watu wa kanisani mahubiri yakiwa marefu. Katikati ya maji, mchungaji wa Wabaptisti mwenye joho jeusi alikuwa amemshika kijana mwenye shati jeupe. Akamlaza kinyumenyume, akamzamisha mzima mzima, nywele na vyote. Kijana akaibuka akitweta, mashavu mekundu, macho yanang'aa.

"Mama!" Emlyn alipiga kelele. "Umekuja!"

Mtoto alipotoka majini anatetemeka, Marged alivua shali yake akamfunika mabegani. "Utapata kichomi, mjinga we," alisema. Kisha akatangulia mbele, wakauvuka mlima hadi nyumbani.

Jioni, mlangoni mwa Seion, wazee walikuwa wanamsubiri.

"Bi Marged," Mzee Ebeneser alisema kwa upole, "tumesikia ulivuka mlima. Kijana umemkuta wapi?"

Marged aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka kweli.

"Baa," alisema. "Amelewa hajitambui. Mwombeeni."