Hoja na Ushahidi

Siku ya marudio ya mwisho kabla ya mtihani wa Kiingereza katika darasa la watu wazima, mwalimu Sospeter aliandika ubaoni maneno mawili ya uandishi wa kitaaluma, hoja na ushahidi, akauliza yanatofautianaje. Mwanahawa, mkunga wa miaka hamsini na miwili, akasimama. Binti yake Semeni, aliyekaa naye dawati moja, akainamisha kichwa kwa aibu, maana matamshi ya mama yake yalikuwa yakichekwa tangu muhula uanze.

"Nikisema mtoto amechoka tumboni mwa mama yake, hiyo ni hoja," Mwanahawa alieleza kwa Kiingereza, polepole, bila kuruka neno. "Nikihesabu mapigo ya moyo wake nikayaandika, huo ni ushahidi. Daktari hainuki kitini kwa hoja tupu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Mama, naomba urudie, waandike."

Akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu aliye kazini kwake. Kalamu zikaanza kukwaruza karatasi. Semeni akainua kichwa, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa jina kamili la mama yake, akaweka nukta mbili, akasikiliza.