Jukwaa la Mgeni Rasmi

Wanyama wa bondeni walichanga mawe, kila mmoja kwa nguvu zake, ili lijengwe tuta la kuzuia mafuriko. Ngiri, mwenyekiti aliyependa sherehe kuliko kazi, akayatumia yote kujenga jukwaa.

"Mwenyekiti, na tuta je?" akauliza Nungunungu mdadisi.

"Tuta bila uzinduzi? Tumsubiri kwanza Mheshimiwa Nyati."

Nyati akachelewa. Mto haukuchelewa. Maji yakafurika, wanyama wote wakakimbilia jukwaani, wakabanana hadi kwenye kiti cha mgeni.

"Mnaona?" Ngiri akajigamba. "Mradi umetuokoa!"

"Kweli kabisa, Mwenyekiti," akasema Nungunungu, akikung'uta maji miibani. "Mwakani tuchangie jukwaa tena, ila safari hii lifuate ukingo wa mto, mwanzo hadi mwisho."